Mama Anasema Nenda Ukawaone Nyangumi

Doha, 3 Desemba 2006

Mama mpendwa,

Dada Phyllis akusomee barua hii ukiwa umeketi, maana ukiisikia ukiwa jikoni utaunguza kitu. Mimi ni mzima. Kile kikohozi kilikuwa cha baridi ya mashine ya kupoza nyumba tu, kimeisha.

Habari ni hii. Mwezi wa kwanza natimiza miaka miwili hapa kwa Madam Warda, na kwa mkataba nilikuwa nije nyumbani likizo. Sasa Mwanamkuu, yule binti yao wa miaka tisa, amefundishwa shuleni habari za nyangumi, na tangu siku hiyo nyumba hii haina mazungumzo mengine. Mlango wa friji umejaa picha mpaka sioni pa kushika. Anaowataka ni wale wenye nundu mgongoni na mapezi marefu meupe kama mikono. Baba yake amekubali waende wote mwezi wa pili kuwatazama, mbali kabisa, visiwa vya Karibi, nchi inaitwa Jamhuri ya Dominika, kwenye ghuba ya Samana. Kumbe kila mwaka wanatoka kwenye maji ya barafu wanakuja kuzaa pale kwa sababu maji ni ya uvuguvugu. Mama nyangumi muda wote huo hali kitu, ananyonyesha tu.

Madam aliniita sebuleni akaniambia nikae kwenye kochi. Hajawahi. Akasema, "Milka, Salim halali bila wewe." Salim ni yule mchanga, ana miezi kumi. "Njoo nasi ukawaone nyangumi. Tukirudi mwisho wa Februari nakukatia tiketi ya kwenu." Nikamwambia nitamwuliza mama. Akacheka sana: "Mtu mzima, miaka thelathini, unamwuliza mama?" Nikasema ndiyo.

Basi nakuuliza. Ukisema nije, nakuja mwezi wa kwanza. Ukisema niende, nitaenda, nije baadaye. Simu bado haturuhusiwi kuwa nazo, kwa hiyo nijibu kwa posta, sanduku lile lile la bwana.

Kitindamimba wako,
Milka Nyanchama


Keroka, 19 Desemba 2006

Milka,

Ni mimi mama yako ninayesema, Phyllis anashika kalamu tu. Nimemwambia aandike yote asipunguze, maana huwa anayapaka maneno yangu sukari.

Kwanza, huyo samaki. Hali, ananyonyesha, na watu wanapanda ndege kwenda kumtazama? Mimi nimenyonyesha watoto saba nikiwa nalima shamba la baba yako, mbona hakuna mzungu aliyekuja na kamera? Phyllis anacheka badala ya kuandika. Andika, wewe.

Kaka yako Fabian anasema uje nyumbani, kwamba sisi si watu wa kutalii. Nimemwambia anyamaze, yeye hajawahi kupita Nakuru. Wewe nenda. Kwenye ukoo huu wote hakuna aliyeona kitu kikubwa kuliko fahali wa chifu. Nenda ukaone, halafu uje unieleze hapa jikoni, na usiniongezee chumvi, nitajua. Mimi nitakungoja. Sina haraka ya kwenda popote.

Ukiogopa maji, shika kitu, ufunge macho, lakini uyafungue wakitokea. Usiende kote huko ukaja kunisimulia giza.

Mama yako

Milka, ni mimi Phyllis. Kifua kinamsumbua mama kidogo, ila hataki niandike. Nimeandika hapa chini akiwa ametoka kuita kuku.


Keroka, 10 Januari 2007
(kwa barua pepe)

Kwa Madam Warda,

Mimi ni Phyllis Kemunto, dada mkubwa wa Milka. Nimepata anwani hii kwenye karatasi aliyotuachia alipokuwa anaondoka. Nakuandikia kutoka saiba, duka la intaneti la hapa mjini.

Mama yetu amefariki jana asubuhi. Ni kifua. Nilimpelekea chai akasema haina majani ya kutosha, nikarudi kuongeza. Niliporudi alikuwa amegeukia ukutani na chai ile ya kwanza ilikuwa bado inatoa moshi.

Kaka yetu Fabian amepiga simu ya nyumba yako mara mbili, akaambiwa Milka anaogesha watoto.

Naomba mambo mawili. La kwanza, Milka aachiliwe aje. Mama alisema mbele yetu sote, na si mara moja, kwamba asizikwe Milka akiwa hayupo. Kwetu kila mtoto hutupa udongo kaburini kwa mkono wake, na wa mwisho kuzaliwa hutupa wa mwisho. Mama yuko mochari, anamngoja.

La pili, tafadhali usimwambie. Mtu wetu aliye mbali haambiwi msiba akiwa peke yake kwa watu. Anaitwa nyumbani kwa jambo lingine, anafika, anashikwa mikono na watu wake, ndipo anaambiwa. Wewe mwambie tu kwamba likizo yake imesogezwa mbele. Mengine tutayabeba sisi, tukimpokea uwanjani Nairobi.

Nisamehe kwa kukuletea huzuni nyumbani kwako.

Phyllis Kemunto


Doha, 12 Januari 2007
(kwa barua pepe)

Bi Phyllis,

Nimeisoma barua yako nikalia. Mama hana badili. Wangu nilimzika Mombasa mwaka juzi na mpaka leo kanga zake sijazigawa. Mungu awape subira nyote.

Siri yenu nitaitunza kama mlivyotaka. Ni desturi nzuri, na sisi watu wa pwani tunaijua pia.

Ila nifikirieni na mimi. Pasipoti ya Milka iko ubalozini kwa ajili ya viza ya safari. Ruhusa yake ya kutoka nchini bwana ameshaiandikisha kwa tarehe kumi Februari, pamoja na yetu. Hoteli imeshashikwa, na boti ya nyangumi, na hao nyangumi hawapo pale mwaka mzima, ni miezi hii tu. Mwanamkuu ana kalenda ukutani, kila asubuhi anakata siku. Nikimwambia Milka likizo imesogezwa, ataniuliza kwa nini, na mimi kusema uongo sikuzoea.

Tena lifikirie kwa upande wake. Hajui, kwa hiyo haumii. Jana alikuwa anaimba jikoni. Sioni faida ya kumharakisha kwenye uchungu. Tunarudi Februari ishirini na nne, na ishirini na sita nampandisha ndege mwenyewe. Mochari za siku hizi zinahifadhi vizuri.

Jambo dogo. Anasubiri barua ya mama yake kama mtoto anavyosubiri Idi. Ikikosa atashtuka, na siri itakuwa imevuja kutoka kwenu, si kwangu. Ameniambia wewe ndiye mwandishi wa mama. Basi endelea kuandika.

Wako katika msiba,
Warda


Doha, 14 Januari 2007

Mama yangu,

Barua yako imefika! Nimeisoma jikoni kwa sauti, na Harun dereva, yule wa Majengo Nairobi, alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Anasema wewe unafaa kuwa mbunge. Halafu akaniambia, "Dada Milka, ukitumbukia baharini usiwe na wasiwasi. Nyangumi atakurudisha kwenye boti, atasema huyu mkataba wake haujaisha."

Sasa tunapanga safari kweli kweli. Mwanamkuu ndiye mkubwa wetu. Amenipa kazi ya kukariri. Nyangumi anapopumua, mvuke unaruka juu kama nyumba ya ghorofa. Dume ndiye anayeimba. Mkia wake chini una madoa meusi na meupe, na hakuna wawili wanaofanana, ndiyo maana watu wa kule wakiuona wanasema, "Huyu alikuja mwaka jana na mtoto." Tutakwenda na boti asubuhi tatu. Madam amenunua vidonge vya kuzuia kutapika na makoti ya watoto ya kuelea majini, mekundu, ili mtu aonekane kwa mbali. Nikauliza langu. Akasema langu tutalipata huko huko.

Wakati napanga masanduku nilikukumbuka. Unakumbuka nilipokuwa naingia darasa la kwanza, ulinikunjia sare ndani ya mfuko wa unga, ukaweka na kipande cha sabuni kavu, ukasema nguo lazima ifike ikiwa inanukia kwao? Nimefanya hivyo hivyo kwenye sanduku la Salim. Madam akauliza ni mila gani. Nikasema ni ya mama.

Nijibu kabla hatujaondoka tarehe kumi. Nataka neno lako moja la kupanda nalo ndege.

Milka


Keroka, 17 Januari 2007
(kwa barua pepe)

Madam Warda,

Nimekaa na ndugu zangu na wazee wa nyumba yetu. Tumeona tulikosea. Ile habari ya kutomwambia, naiondoa. Mwambie. Mketishe, mshike mkono, Harun dereva, yule Milka anayemtaja kwenye barua zake, awe karibu kwa sababu ni mtu wa huku na anajua kumpa mtu pole. Akilia mwacheni alie. Akijua, mwenyewe atakuomba aje, na nina hakika hutaweza kumkatalia uso kwa uso.

Fabian amepiga simu tena jana. Mtu aliyepokea alisema hakuna Milka katika nyumba hiyo. Naamini alikosea namba.

Mama alikuwa mtu wa mzaha. Angekuwepo angekuambia mwenyewe. Mimi sina maneno yake, nina kuomba tu.

Phyllis


Doha, 20 Januari 2007
(kwa barua pepe)

Bi Phyllis,

Wiki iliyopita ni siri, wiki hii si siri. Mimi si redio, mkiniwasha niseme, mkinizima ninyamaze.

Niliahidi kwa sababu mliniomba, na ahadi yangu naiheshimu. Mnataka nimwambie ili anililie miguuni mbele ya watoto, nimkatalie, halafu nionekane sina utu. Huo msiba ni wenu. Msiniwekee maiti mlangoni.

Mwambieni kaka yenu apumzishe ile namba. Na kama Milka atalisikia jambo hili kwa Harun, nitajua limetoka kwenu, na Harun atarudi Majengo na shati alilovaa. Ana watoto wanne, nimeambiwa. Na barua za posta zinapitia sanduku la bwana, naye huzisoma kwa kunisaidia.

Februari ishirini na sita. Neno langu ni moja.

Warda


Keroka, 25 Januari 2007

Mwanangu Milka,

Ni mimi mama yako. Phyllis ameshika kalamu kama kawaida.

Barua yako ya mwezi wa kumi na mbili nimekuwa nikiirudia. Hapa mvua imekuwa kidogo. Yule kuku mweusi ametotoa, na watatu ni weupe, sijui walikwenda kumtafuta baba wapi. Chai ya Phyllis bado ni ya rangi tu, majani anayaonea huruma.

Nilikuwa nakukumbuka ulivyokuwa unakaa kizingitini ukinisubiri nitoke sokoni. Watoto wengine walikuwa wanakimbilia mzigo. Wewe ulikuwa unanishika sketi kwanza, ndipo unauliza nimeleta nini. Sijui kama nilishawahi kukuambia kwamba niliona.

Sasa nisikilize. Nimebadili mawazo. Niliposema uende nilikuwa najifurahisha. Hao nyangumi mwaka ujao watakuja tena. Mwambie huyo Madam wako kwamba mama amesema uje sasa, kabla ya hiyo safari. Mwambie kwa upole lakini usiache kumwambia. Akikataa mwambie tena. Si kwamba kuna jambo baya. Ni mama tu anakutaka.

Uje, mwanangu.

Mama yako


Doha, 9 Februari 2007

Mama,

Barua yako imefika jana, masanduku yameshafungwa! Nilimpelekea Madam nikamwambia, "Mama anasema nije sasa." Akaisoma yote polepole, akanirudishia, akasema, "Mama yako anawaonea wivu nyangumi." Tukacheka wote wawili.

Mama, usiwe kama mtoto. Wewe mwenyewe ulisema utaningoja na huna haraka. Ni wiki mbili tu. Tena safari hii umekuwa mpole mno, hujanitukana hata mara moja, nikasema mama anazeeka.

Asante kwa lile la sketi. Sikujua kama uliona. Nimeiweka barua ndani ya mkoba ninaoingia nao kwenye ndege.

Saa kumi alfajiri Harun anatupeleka uwanjani. Tutapitia Paris.

Milka


Samana, 17 Februari 2007

Mama yangu,

Nimewaona.

Ulisema nisiongeze chumvi, kwa hiyo nakueleza kama ilivyokuwa. Tulitoka asubuhi, bahari ina rangi kama majani ya ndizi machanga, vilima vinashuka mpaka kwenye maji, huwezi kuamini si huko kwetu. Boti ilikwenda muda mrefu. Watu walianza kutapika. Mimi nilishika chuma, nikafunga macho kama ulivyoniambia. Kisha nahodha akazima injini, kukawa kimya, na mtu mmoja akanyoosha kidole.

Kwanza ni ule mvuke. Unanuka samaki. Halafu mgongo, unapita, unapita, unafikiri umeisha bado unapita. Alikuwa na mtoto ubavuni. Mtoto alipochoka mama alizama chini yake kidogo, akamwinua kwa mgongo akapumua. Alifanya hivyo mara nyingi, bila haraka. Halafu akainua mkia wote juu, maji yakamwagika, nikaona yale madoa, na akazama naye mtoto akamfuata. Watu wazima walipiga makofi. Mzungu mmoja mzee alikuwa analia.

Nilisema moyoni, mama angeuliza kama ameshiba.

Nimekuokotea kokoto pwani lakini Madam amesema uwanja wa ndege watakataa. Basi nitakuletea maneno. Siku zimebaki chache. Mwambie Phyllis aongeze majani kwenye chai, mgeni anakuja.

Milka


Samana, 19 Februari 2007
(kwa barua pepe)

Bi Phyllis,

Nakuandikia kutoka hotelini ili msiwe na wasiwasi. Milka mzima. Kwenye boti hawachukui watoto wachanga, kwa hiyo yeye anabaki chumbani na Salim, na jioni Mwanamkuu anamsimulia yote, anamchorea na picha. Wananifurahisha. Hana kinyongo hata kidogo, ni msichana wa kupigiwa mfano.

Kuna mabadiliko. Siku mbili za kwanza bahari ilichafuka, nyangumi tuliwaona kwa mbali tu, na Mwanamkuu amelia sana. Bwana ameongeza wiki. Halafu kurudi Doha, nguo za kufua, shule ya mtoto. Tuseme katikati ya Machi, Milka atakuwa kwenu.

Najua mtanuna. Lakini tuseme kweli kati yetu wanawake, marehemu hana haraka. Aliyesubiri wiki sita anaweza kusubiri tatu.

Warda


Keroka, 22 Februari 2007
(kwa barua pepe)

Madam Warda,

Wazee wamekataa. Fabian pia amekataa, na mimi nilipigiwa kelele nikaketi. Tutamzika Ijumaa, tarehe mbili Machi, kwa sababu sisi ni Wasabato na Jumamosi hatuziki.

Nakuomba kitu cha mwisho. Nitumie namba ya simu ya hiyo hoteli. Nitamwambia mimi, kwa sauti yangu. Nitasema mimi ndiye niliyetaka afichwe. Nitachukua lawama yote. Hata kama hatafika, asikie siku hiyo kabla jua halijazama, ajue anazikiwa mama.

Namba tu.

Phyllis


Doha, 6 Machi 2007
(kwa barua pepe)

Bi Phyllis,

Barua yako nimeiona tuliporudi. Kule mtandao ulikuwa wa shida.

Nimeshamwambia, kwa hiyo mzigo huo nimewaondolea. Nilimwambia juzi, uwanja wa ndege wa Paris, wakati tunasubiri kuitwa. Nilifikiri ni bora kuliko nyumbani, mahali penye watu mtu hujizuia. Na kweli alijizuia. Alikuwa anamlisha Salim ndizi, akamaliza kumlisha, akamfuta mdomo. Kisha akauliza ni lini. Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole.

Aliniuliza kwa nini sikumwambia. Sikutaka aniweke ubaya bure, nami bado namhitaji na yeye ananihitaji. Nikamwonyesha barua yako ya tarehe kumi Januari, nilikuwa nimeitoa kwenye mashine. Aliisoma pale kwenye "usimwambie", akairudia. Ya pili sikuona haja ya kumwonyesha, ingemchanganya.

Tiketi yake iko mezani na ruhusa ya kutoka tumemwombea. Mimi nimetimiza. Lililobaki ni lake na lenu.

Warda


Doha, 9 Machi 2007

Mama,

Nimekuandikia wewe kwa sababu huko nyumbani sina mwingine wa kumwandikia. Phyllis atakusomea, amezoea. Aje nayo pale mlipokulaza, asimame, asome kwa sauti, asipunguze.

Nyangumi sikuwaona. Nilikaa chumbani na Salim, dirisha linaangalia ukuta wa jikoni la hoteli. Yale niliyokuandikia ni ya Mwanamkuu, mengine niliyapamba ili ufurahi. Nilikuwa naogopa utajua. Nilikuwa naandika huku naona aibu kumdanganya mama yangu, kumbe barua ilikuwa inakwenda kwa mtu aliyekaa na kalamu ananidanganya mimi.

Mama, ile habari ya sketi. Nimeilalia siku nyingi. Nimeipeleka mpaka Karibi nikairudisha. Nilikuwa namwambia Salim kila jioni kwamba mama yangu aliona. Sasa sijui. Labda ulimwambia Phyllis siku moja. Labda Phyllis ndiye aliyeniona, maana naye alikuwa pale kizingitini, ni mkubwa kuliko mimi. Labda hakuna aliyeona, alitafuta tu kitu kitamu cha kuandika. Mwulize, mama. Halafu usiniambie, maana utamtuma yeye kuniambia.

Sikumlaumu mtu uwanjani kule Paris. Niliisoma barua yake, ina maneno mazuri, ina heshima. "Anashikwa mikono na watu wake, ndipo anaambiwa." Mikono yangu ilikuwa na ndizi. Wiki zote hizo nilikuwa naimba jikoni kwa watu, na nyumbani kwetu kila mtu aliyekula chakula alikuwa anajua. Fabian alijua. Watoto wa Fabian walijua. Hata anayeuza maziwa alijua. Nilikuandikia usiwe kama mtoto. Nikakuandikia umezeeka. Na yeye akasoma hayo akakunja karatasi.

Madam ameweka tiketi mezani. Anasema niende nikapumzike mwezi mmoja. Nimemrudishia. Kaburi limeshafunikwa, sina udongo wa kutupa. Nimetia sahihi mkataba mwingine, miaka miwili. Harun alinivuta pembeni, akaniambia, "Dada, nenda nyumbani, huyu mama si mtu." Najua si mtu. Nimemjua vizuri kuliko Harun. Lakini hapa anayenificha jambo si ndugu yangu.

Phyllis akifika hapa atataka kuikunja karatasi. Mngoje, mama. Wewe huna haraka. Akitaka kukwambia kwamba alijaribu, kwamba kulikuwa na barua nyingine, usimsikilize, kila mtu ana barua nyingine. Mwambie amekutunza vizuri mpaka mwisho, hilo silikatai. Mwambie aende nyumbani kwake, apike, alale.

Na mwambie asinijibu. Akijibu, sitajua ni nani anayeniandikia.

Milka Nyanchama